Chombo cha Shamba na cha Pori: Mjadala wa Mbulu na Hanang

Chombo cha kazi za shamba na pori huchaguliwa kwa kuangalia ardhi kitakakopita, kisha mzigo, kisha fundi atakayekitengeneza. Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina ardhi za namna tatu zilizo jirani kiasi kwamba msafiri anaweza kuzipita zote kwa siku moja. Upo uwanda wa juu wa Mbulu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, wenye vilima vilivyolimwa hadi karibu na vilele na udongo unaoteleza mvua ikinyesha. Zipo tambarare za ngano za Basotu, katika nchi inayotazamana na Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ambako udongo mweusi ukilowa hushika magurudumu na kukataa kuyaachia. Na lipo bonde la Yaeda, kavu, lenye migunga na mibuyu, ambako Wahadzabe huwinda kwa upinde na mshale.

Mjadala huu umejengwa kwa sauti nne ambazo maslahi yake hayalingani: mkulima wa ngano wa Basotu, mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay, fundi wa Haydom na askari wa wanyamapori. Hawa si watu fulani. Kila mmoja anabeba hoja inayotokana na kazi yake, na anayejua huku atazitambua hoja hizo kwa kuwa husemwa gereji, mnadani na kwenye vikao vya kijiji.

Anayeanza ni mkulima wa Basotu, na anachotaka ni pikipiki ya magurudumu manne. Shamba lake liko katika nchi ile ile ambako shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba ya ngano kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Mashamba hayo yalichukua malisho na njia za mifugo za Wabarabaig, kesi zikafika mahakamani, na kidonda hicho hakijasahaulika. Kwa upande wa usafiri yaliacha nchi iliyo wazi, yenye njia ndefu zilizonyooka. "Nikisimama upande huu siuoni upande wa pili," anasema mkulima. "Nataka kitu cha kuzungukia asubuhi, pampu na dawa ziko nyuma, kisizame kama gari."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Chombo hicho hutumia tairi pana zenye upepo mdogo sana, pengine chini ya robo ya upepo wa tairi la gari, na kwa sababu hiyo uzito husambaa na ardhi laini haikatiki sana. Kina vichanja vya mzigo mbele na nyuma, na kinaweza kuvuta tela dogo. Honda walianza na cha magurudumu matatu mwaka 1970, kikiwa chombo cha kuchezea mchangani na kwenye theluji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Suzuki wakaleta cha magurudumu manne, na wafugaji wa Australia na New Zealand wakakifanya farasi wao wa kazi.

Fundi wa Haydom ndiye wa kwanza kupinga. "Mzee wangu, mkanda ukikatikia Yaeda utaunga na nini?" Anazungumzia mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili na kubadili mwendo bila gia. Pikipiki nyingi za sasa za magurudumu manne huendeshwa hivyo. Mkanda huo haupendi kupanda mlima taratibu ukiwa na mzigo, kwani huteleza, hupata joto na kuungua, na ukiungua unatafutwa Arusha au kuagizwa nje. Halafu kuna miiba. Tairi laini lenye upepo mdogo, likipita kwenye migunga, hukusanya miiba kama mto wa kuchomekea sindano, na la kubadilishia halipatikani kwa muuza spea wa kijijini. Pikipiki ya kawaida nayo hupata pancha, lakini tubu yake inauzwa hata duka la sukari na chumvi.

Mkulima wa Bashay anaongeza jambo zito kuliko spea. Yeye analima kwenye miteremko, na anajua kinachotokea chombo kifupi, chepesi na chenye kitovu cha uzito kilicho juu kinapokatisha mlima kwa ubavu. Kinapinduka, na kwa kuwa hakina paa wala mkanda wa usalama, dereva hubaki chini yake. Kwenye nchi zilizokitumia kwa miaka mingi, kupinduka ndiko kumekuwa chanzo kikubwa cha vifo vinavyohusishwa na chombo hiki mashambani. Tangu Oktoba 2021 Australia haikubali kipya cha kazi za kawaida kiuzwe bila kifaa cha kumkinga dereva kinapopinduka, na baadhi ya watengenezaji wakubwa, Honda na Yamaha wakiwamo, waliamua kuacha kuviuza huko. Kuna vile vyenye viti viwili, usukani, nguzo za kukinga na bodi dogo nyuma. Hivyo ni salama zaidi, ila kwa bei yake mtu hupata gari zima lililotumika.

Mkulima wa Basotu hakubali kushindwa upesi. Anajibu kwamba kwake hakuna mteremko, na kwamba hoja za Bashay zibaki Bashay. Hapo ana haki. Kwenye tambarare, wakati wa kiangazi, kwa mwenye mamia ya ekari na fundi wake mwenyewe, chombo hicho kinafaa. Kinachomwangusha ni mshindani mdogo aliye mlangoni pake.

Mshindani huyo ni pikipiki ya kawaida: Boxer, TVS, Honda na ndugu zao wa Kichina. Hubeba mtu na magunia mawili, hupita njia ya ng'ombe, husukumwa ikizima na hunyanyuliwa na watu wawili ikianguka korongoni. Petroli yake huuzwa kwa chupa kijijini. Cheni, sproketi, plagi na nyaya za klachi zinapatikana Haydom, Dongobesh na Katesh. Serikali ilipotaka kuwafikisha maafisa ugani kwa wakulima mwaka 2022, ilinunua na kugawa pikipiki kwa maelfu. Udhaifu wa pikipiki ni tope. Udongo mweusi hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu la mbele linagoma kuzunguka, na waendeshaji wengi huinua madigadi au kuiondoa kabisa masika ikianza. Wengine hufunga mnyororo au kamba kwenye tairi la nyuma. Mbinu hizo husaidia kufika, lakini mtu huchelewa na kuchafuka, na breki hazitabiriki.

Kufika ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni mzigo, na hapa mkulima wa Bashay ndiye anayejua zaidi. Vitunguu saumu havina uzito wa mahindi, lakini vinatoka kwenye vipande vya shamba vilivyotawanyika mlimani na lazima viteremke hadi barabarani bila kupondwa. Kwa mamia ya familia kazi hiyo hufanywa na punda. Mnyama huyu anapita njia ambayo magurudumu hayapiti, hali petroli na hateremki mlima kwa kasi kuliko anavyotaka mwenyewe. Wanaomcheka punda kwamba ni wa zamani huwa hawajawahi kushusha gunia kutoka vilima vya Kainam wakati wa mvua.

Chombo kinachotajwa mara nyingi kama mrithi wa punda ni pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili. Baada ya azimio la Kilimo Kwanza la mwaka 2009 pawatila nyingi ziliingia nchini, na wengi walizifunga tela wakazifanya gari la mizigo. Barabara ikiwa tambarare, huo ni utumiaji wa akili. Mlimani kuna hatari ambayo wauzaji hawaielezi vya kutosha. Pawatila hukata kona kwa kuachia nguvu ya gurudumu la upande mmoja: dereva akibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia hulizunguka, na chombo huenda kushoto. Kinaposhuka mteremko tela likikisukuma, mambo hugeuka. Sasa injini ndiyo inayozuia magurudumu yasikimbie, hivyo lililoachiwa ndilo linalokimbia, na chombo huenda kulia. Dereva anayebana klachi ya kushoto akitarajia kushoto hujikuta anaelekea korongoni. Wanaojua husimamisha chombo, huweka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka na hawagusi klachi za kona hadi chini. Fundi wa Haydom anasema kila mnunuzi wa Mbulu angepaswa kufundishwa hilo kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Toyo, ile ya magurudumu matatu yenye bodi, ina kasoro nyingine. Mzigo wote uko nyuma, na kwenye mpando mkali gurudumu la mbele huwa jepesi hadi usukani haufanyi kazi. Kwenye barabara iliyochimbika na magari, magurudumu mawili ya nyuma hufuata mifereji, na lile moja la mbele hupanda tuta la katikati. Mjini Mbulu na Katesh ni chombo kizuri. Shambani ni cha kiangazi tu.

Hapa ndipo fundi anapotoa pendekezo ambalo wengine hawakulitarajia: kirikuu, kagari kadogo ka Kijapani, Suzuki Carry na jamaa zake, ila iwe ile inayovuta magurudumu yote manne. Wengi huiona kirikuu kama gari la kubebea soda mjini. Asili yake ni shambani. Sheria ya Japani inaliwekea daraja hilo mipaka ya injini ya sentimita za ujazo 660, urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na mzigo wa kilo 350, na ndani ya mipaka hiyo watengenezaji wametoa gari la mkulima wa mpunga na wa milimani. Upana huo unapita kwenye njia ambazo Land Cruiser huvunja kingo zake. Gari likikwama, watu wanne wanalisukuma. Bodi lake hushuka kingo pande tatu, kwa hiyo magunia hupakiwa kutoka upande wowote. Nchini Marekani wakulima na wawindaji wameanza kuziagiza kirikuu kuukuu kutoka Japani, zilizotimiza miaka 25, wakizipendelea kuliko vyombo vipya vya magurudumu manne vinavyotengenezwa kwao. Mteja wa Mbulu ana nafuu kuliko wao, kwani usukani uko upande anaouzoea na spea ziko Arusha kwa wingi.

Mkulima wa Basotu anauliza kuhusu masika. Fundi anakiri kwamba tairi za kirikuu ni ndogo na tumbo lake liko chini, hivyo tuta lililo kati ya mifereji iliyochimbwa na malori huligusa. Kwenye udongo mweusi wa Hanang itakwama kama mengine. Anaongeza kwamba ni ya petroli, na mlimani ikiwa imejaa hunywa kuliko ukubwa wake. Na atakayeagiza iliyozeeka akumbuke kodi ya uchakavu, ambayo huweza kubadili hesabu yote.

Linabaki gari kubwa, ambalo ndilo watu wengi hulifikiria neno pori linapotajwa. Land Rover lilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, likiwa limebuniwa kwa ajili ya mkulima, na bodi lake lilitengenezwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Kwa miongo mingi ndilo lililofika vijiji ambavyo basi halikufika. Land Cruiser ya mkonga, ya ukoo wa 70 ulioanza mwaka 1984, imechukua nafasi hiyo, hasa ile yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na taabo wala kompyuta ya kuisumbua. Injini hiyo haina haraka. Inavuta kutoka chini, inavumilia dizeli isiyo safi sana, na fundi wa porini anaifungua akiwa na spana za kawaida. Kwa kupanda na kushuka mlima wa Magara, au kuelekea Yaeda Chini na pipa la maji nyuma, hakuna chombo kingine kwenye mjadala huu kinachoshindana nayo.

Uzito wake ndio ubaya wake. Gari la zaidi ya tani mbili likizama kwenye mbuga halitolewi na majirani, linangoja trekta. Winchi husaidia palipo na mti, na kwenye tambarare za ngano miti haipo. Vilevile uwezo wa gari humtia dereva ujasiri usio na msingi kwenye makorongo yanayoshuka kutoka Mlima Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima huo hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Maafa hayo yalikuwa makubwa kuliko mafuriko ya kawaida, lakini korongo dogo nalo hujaa mvua ikinyesha juu, hata kama chini jua linawaka.

Kuhusu gharama, mkulima wa Bashay ana hesabu rahisi ambayo ni vigumu kuipinga. Mzigo wake mkubwa unatoka mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa siku hizo anakodi gari au trekta lenye tela. Siku nyingine zote anatumia pikipiki na punda. Kununua gari la dizeli ili lisimame uani miezi minane ni kufuga ng'ombe asiyekamuliwa. Mkulima wa Basotu, mwenye vibarua wa kusafirisha, mbegu za kupeleka na kombaini inayoharibika katikati ya mavuno mbali na kijiji, yuko katika hali tofauti, na hata yule wa Bashay anakubali kwamba huyo anahitaji gari lake. Mjadala wao ungeisha mapema zaidi kama wangekubaliana tangu mwanzo kwamba hawalimi kitu kimoja.

Upande wa uwindaji unaeleweka vibaya kuliko upande wa shamba. Mnunuzi hufikiri chombo kinachopita porini ni chombo cha kuwindia. Askari wa wanyamapori analikata jambo hilo kwa sentensi moja: "Gari linakufikisha, haliwindi." Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumfukuza mnyama kwa chombo cha moto au kumpiga risasi kutoka ndani yake, na uwindaji wenyewe unahitaji leseni. Kuwamulika wanyama kwa taa usiku nako kumekatazwa. Chombo kilichotumika katika ujangili kinaweza kutaifishwa na mahakama, na pikipiki nyingi zimepotea kwa njia hiyo. Kwa hiyo sifa kama mwendo wa kasi kwenye nyasi, taa za paa na kiti cha juu, ambazo hutangazwa kuwa za mwindaji, kwa mwenye kibali halali hazina kazi kubwa. Anachohitaji ni gari litakalofika kambini na maji na chakula, na kurudi na nyama kabla haijaharibika. Kelele za pikipiki ya magurudumu manne, zinazosikika mbali kwenye bonde tulivu, ni hasara nyingine kwake.

Yaeda ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Mwindaji wa Kihadzabe hutembea. Anampiga mnyama mkubwa kwa mshale wenye sumu ya mmea, kisha anaweza kusubiri saa kadhaa kabla ya kufuata nyayo na matone ya damu. Gari katika kazi hiyo lingefuta alama anazozisoma. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipata nafasi katika bonde hilo, Wahadzabe na watetezi wao wakapinga, na kampuni ikajiondoa. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe wa Yaeda ilipata hati ya haki ya kimila juu ya ardhi yake, eneo la hekta kama 20,000. Maana yake kwa mwenye chombo ni kwamba pori linaloonekana halina mtu lina mwenyewe na lina mpango wa matumizi, na kuingia humo nje ya njia ni kosa hata bila bunduki.

Mkulima wa Bashay anaeleza kwamba yeye hana hamu ya kuwinda. Shida yake ni nguruwe pori na nyani wanaotoka msituni usiku na alfajiri. Askari anamwambia kwamba hapo chombo bora ni kile kitakachomfikisha haraka kwenye ofisi ya kijiji au kata kutoa taarifa, yaani pikipiki au simu. Kuhusu tembo anakuwa mkali zaidi, kwa kuwa kumfukuza tembo kwa pikipiki kumewahi kuonekana kama ushujaa na si ushujaa.

Kabla hawajaachana, askari anagusia ardhi yenyewe. Njia ya magurudumu inayoshuka moja kwa moja na mteremko hugeuka mfereji mvua ya kwanza ikinyesha, na baada ya misimu michache huwa korongo. Afadhali chombo kinachozunguka kwa kufuata tuta, hata kama safari inarefuka. Fundi naye anawaachia wanaotaka kununua kilichotumika utaratibu wake: kulala chini na kukagua chesisi kwa kutu na kuchomelewa upya, hasa karibu na springi, kuingiza uvutaji wa magurudumu manne na gia ya nguvu palepale, kwa kuwa vitu visivyotumika miaka mingi hugoma, kulinganisha namba za injini na kadi, na kuhakikisha kadi inahamishwa TRA siku ya malipo. Jaribio la mwisho hufanyika mlimani. Gari hupakiwa magunia, hupandishwa hadi katikati ya mpando, husimamishwa kwa breki ya mkono, kisha huondoshwa tena. Likishindwa hapo, bei inapunguzwa au mnunuzi anaenda kutafuta jingine.